Nilivyonunua taa za jikoni mara mbili

Tulipohamia nyumba yetu hapa Kiembe Samaki, Zanzibar, kila kitu cha jikoni kilikuwa kipya: makabati, sinki, dari la jipsam. Katikati ya dari nikatundika taa niliyoichagua mwenyewe sokoni Darajani, bakuli la kioo lenye maua, linaning'inia kwa minyororo mitatu. Shilingi elfu themanini na tano, na hapo nimeshapatana. Kila mgeni aliisifu. Asiyeweza kuisifu ni mie ninayepika.

Sinki na meza ya kukatia viko ukutani, basi nikisimama hapo taa ipo mgongoni. Nilikuwa nakata vitunguu juu ya kivuli changu mwenyewe. Jioni moja ya Ramadhani mama mkwe alikuja kunisaidia futari, akatazama ungo wa mchele, akaubeba akatoka nao barazani. "Mwanangu, humu ndani mchele na mawe vyote rangi moja." Nimelipia taa ya elfu themanini na tano, mtu anakwenda kuchagua mchele kwa mwanga wa jua linalokuchwa!

Bakuli lenyewe nalo lilikuwa balaa. Mdomo wake umeelekea juu, kwa hiyo mwanga unapiga dari kwanza ndipo urudi chini ukiwa umechoka. Moshi wa kukaangia samaki ulikuwa unapanda na kuganda pale pale. Haukupita mwezi, kioo ukikigusa kinanata. Masika yalipoingia, kumbikumbi wakaona wamepata nyumba. Kila asubuhi napanda juu ya stuli kumwaga mbawa. Na minyororo ile, kwa upepo huu wa bahari, ikaanza kutu.

Kosa jengine lilikuwa langu mwenyewe, la globu. Kwenye boksi la globu ya LED huwa kuna namba inayomalizia na herufi K, ndiyo inayoonyesha rangi ya mwanga, na mie sikuwahi kuisoma. 3000K ni umanjano kama wa globu za zamani, 4000K ni nyeupe iliyotulia, 6500K ni nyeupe inayoelekea buluu. Nilipewa 6500K kwa sababu ndiyo inayong'aa sana ikijaribiwa dukani. Chini yake jodari wa asubuhi hiyo hiyo alionekana kama wa juzi, na mchuzi wangu wa bizari ukapauka. Mume wangu aliuliza kama nimesahau kutia manjano.

Safari hii nilimwita fundi umeme kabla ya kwenda dukani. Akasimama pale ninapokatia, akanyoosha mkono, akatazama kivuli chake. "Dada, mwanga unao wa kutosha, tatizo ni kuwa haupo kwenye mikono yako."

Tukaweka taa mbili nyembamba za LED chini ya makabati ya juu, kila moja urefu wa sentimita 60, wati 10, 4000K. Hapa tulibishana kidogo. Yeye alitaka kuzifunga nyuma karibu na ukuta ili waya zisionekane. Mie nikataka mbele, karibu na mlango wa kabati. Mbele ndiko sahihi: mwanga unaanguka juu ya ubao wa kukatia, na ule ukingo wa kabati unazuia taa isikupige machoni. Zikifungwa nyuma zinamulika vigae zaidi. Kwenye dari tukabandika taa moja ya duara, bapa, wati 18, yenye kifuniko kilichozibwa. Mdudu haingii, mafuta nayafuta kwa kitambaa na sabuni. Zote tatu zikiwaka ni wati 38, haifiki hata globu moja ya zamani ya wati 60, na kila upande una swichi yake. Usiku nikiamka kunywa maji nawasha za chini tu.

Kabla ya hapo, niseme ukweli, nilijaribu mkato: ule ukanda wa LED wa kubandika kwa gundi. Mvuke wa birika uliubandua ndani ya wiki moja. Ulianguka kwenye kachumbari, wageni wakiwa wameshakaa.

Hii taa ya duara haikukosa kasoro. Haina globu ya kubadilisha. Ikifa unatupa yote. Ya kwanza iliishi miezi miwili. Umeme ulikatika, ulivyorudi ukarudi na kishindo, taa ikazima moja kwa moja, na muuzaji akakataa kunibadilishia kwa vile sikuchukua risiti. Ile ya pili nilitafuta iliyoandikwa 85–265V, yaani kiwango cha volti inachokihimili, badala ya 220–240V, na mpaka leo inavumilia umeme ukipanda na kushuka. Halafu nilijifunza kwa fundi kuelekeza kamera ya simu kwenye taa ikiwa imewashwa dukani: ukiona mistari myeusi inapita kwenye skrini, taa hiyo inapepesa, na inaweza kukuchosha macho hata kama huoni ikipepesa. Taa tatu nilizirudisha kaunta kwa sababu hiyo. Muuzaji hakufurahi.

Uani, ninakopikia kwa mkaa, nimeweka taa yenye alama IP65, yaani vumbi haliingii na maji yakirushiwa hayaipati. Hiyo haina maneno mengi, ila skrubu zilizokuja nayo zilishika kutu upesi, nunueni za chuma kisichoshika kutu.

Mama mkwe sasa anachagua mchele pale pale mezani, na analalamika kwamba mchele wa siku hizi una mawe mengi. Ile ya kioo nimeiosha nikairudisha kwenye boksi, iko chini ya kitanda. Mwenye sebule ya dari refu aje aichukue, minyororo atanunua mwenyewe.