TAHADHARI: Kuna muuza spea wa Gerezani, Kariakoo, ameniuzia mauntini za gari langu mwenyewe

Chekeni kwanza mmalize, halafu msome. Nimepigwa, na siyo kupigwa kwa kawaida. Nimeuziwa mali yangu, zile mauntini (raba na chuma zinazoshikilia injini), nikalipa, nikashukuru, nikamwachia na hela ya soda.

Ile Hilux yangu, pikapu ya mizigo, mnaijua. Ijumaa ya juzi nilikuwa na magunia ya tangawizi ya yule mama wa Mabibo, mteja wangu, ambaye hana subira hata kidogo. Kila nikiondoka kwenye taa gari linatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza. Nikikanyaga mafuta linazidi, nikiachia kimya. Likishapita spidi ya 50 linatulia kama siyo lenyewe. Lilikuwa na hako kaugonjwa wiki mbili, ila siku ile na mzigo ule lilitetemeka mpaka nikaona aibu mbele ya bodaboda.

Nikakata kona Gerezani. Yule bwana wala hakuniita, na hilo ndilo lililonimaliza. Wenzake wote wanakuvuta shati, yeye amekaa juu ya tairi anakunywa chai, anaangalia tu gari linavyoingia. Hata sijazima akasema, "Kaka, mauntini zimekufa hizo." Taratibu, kama daktari anayekuonea huruma. Akafungua boneti, akamweka kijana wake kwenye usukani: kanyaga breki, tia gia, achia klachi kidogo, ongeza mafuta. Injini ikanyanyuka upande mmoja. "Umeona?" Nimeona nini, jamani! Injini yoyote ukiifanyia hivyo itanyanyuka. Lakini mimi nilitikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa hesabu.

Msiniulize kwa dharau kwa nini nilimwamini. Dada alinipigia simu katikati, mnajua sisi tukiongea na nyumbani tunaongea Kipare. Nilipokata, yule bwana akanishushia Kipare safi, akauliza natoka Same ya wapi, akasema mkewe ni mtu wa Mamba, hukohuko Same. Akaanza kulalamikia bei ya tangawizi kuliko hata mimi. Ungekuwa wewe ungemwomba kitambulisho? Alisema 120,000 kila moja, tukavutana, akashuka mpaka 90,000 "kwa sababu ya nyumbani". Mbili 180,000, ufundi 40,000.

Wakati kijana ameshazifungua za zamani na injini imekaa juu ya jeki, akaniambia lipa namba yake ina matatizo, nikatoe keshi kwa wakala. Siyo wakala wa pale mbele, eti huyo hana floti. Nikavuka barabara, nikapanga foleni, dakika 40 zikaisha. Niliporudi, maboksi mawili mapya yako juu ya meza, yamefungwa plastiki, stika inang'aa. Akaniambia, "Fungua mwenyewe, kaka, usije ukasema." Nikafungua mwenyewe! Nikanusa. Kulikuwa na harufu kali ya upya, nami nikamwambia hii ndiyo OG, orijino, feki hainuki hivi. Nikamfundisha kazi, kumbe ananiangalia tu.

Harufu ile ilikuwa rangi ya kopo.

Nimefika taa za Tazara, gari linatetemeka vilevile. Nikajipa moyo kwamba mpira mpya lazima uzoee. Siku tatu najidanganya. Jumatatu nikaenda kwa fundi wangu wa Temeke, yule mzee, ambaye nilipaswa kuanza naye, na najua mtalisema hilo kwenye kila msiba. Hakufungua hata boneti. Alisimamisha gari, akatia nyutro, akapandisha mafuta. Halitetemeki. Akasema kama injini ikivuma peke yake haitikisi gari, na gari linatikisika likianza kuvuta, twende chini. Akaweka kuni kwenye matairi, akashika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini matairi ya nyuma, akaizungusha kwa mkono huku na huku. Ikalia ko, ko. Kwenye krosi ya nyuma, yaani kiungo cha propela, kulikuwa na unga mwekundu wa kutu, na kifuniko kilipotoka zile sindano za beringi zilikuwa zimesagika kama ugolo. Mzigo ukikandamiza springi, pembe ya propela inabadilika, ndiyo maana na tangawizi lilikuwa linazidi. Krosi mbili mpya, akaweka alama kwenye shafti kabla ya kuitoa ili irudi vilevile, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Gari sasa linaondoka kama maji.

Nikamwomba azitazame na zile mauntini, nipate kujisifia. Akapitisha tambara lenye petroli. Rangi nyeusi ikatoka yote, na chini yake ikaonekana ile weldingi mbaya niliyopigiwa Same mwaka jana, yenye wosha iliyopinda. Mzee hakusema neno. Alinipa tambara.

Sasa yule muuza spea anatakiwa akalale gereza la Keko, tena siyo siku moja. Akitoka apigwe marufuku kushika hata spana. Na kijana wake naye! Alikuwa ananiita "mzee" huku anapaka rangi chuma changu. Dada ananiambia niende FCC, Tume ya Ushindani, wanashughulika na bidhaa bandia. Nitawaambia nini? Ni halisi kabisa, ni yangu.

Mkipita kule: akikutuma kwa wakala wa mbali gari likiwa limeshafunguliwa, usiende. Spea yako ya zamani ishike mkononi, yeye alisema "niachie nikutupie". Risiti yangu ni kipande cha daftari, hakuna risiti ya mashine ya EFD wala nini. Na Kipare chake, sasa nikikumbuka, kilikuwa cha maneno kama kumi tu, anayarudiarudia.

Jana nimekuta pamefungwa. Jirani yake anasema atakuwepo Jumatatu. Nitakuwa pale saa moja asubuhi, nikamwonyeshe ile mauntini yenye wosha. Anayeweza kunisindikiza aniambie mapema, maana nikienda peke yangu nitaongea vibaya.