Samsung 870 EVO kwenye EliteBook ya mtumba: nimeikubali, ila RAM nayo usiisahau

Wakuu, kama una laptopu ya mtumba inayokuchosha roho soma hii kabla hujaiuza kwa bei ya kutupa. Yangu ni HP EliteBook 840 G3, mashine ya 2016, ilikuja na hadidiski ya GB 500 na RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua) GB 4. Ukiwasha vinukta vinazunguka weee, chini ya kiganja unasikia krr krr, ukifungua Task Manager diski inasoma asilimia 100 na bado hujafungua kitu chochote. Nikatoa hadidiski, nikaweka SSD, yaani diski isiyo na sahani za kuzunguka, Samsung 870 EVO ya GB 500. Aisee, ni mashine nyingine kabisa, ikiwaka unaanza kazi hapohapo na ule mkwaruzo haupo tena.

Sababu iko kwenye namna data inavyotunzwa. Hadidiski inaandika kwa sumaku kwenye sahani zinazozunguka, kama ni ya mizunguko 7200 kwa dakika basi kusubiri tu sahani ilete ile sehemu inayotakiwa ni wastani wa milisekunde 4 hivi, bado kichwa kinachosoma hakijahesabiwa muda wa kusogea, na Windows ikiwa inawaka inaita vifaili vidogovidogo kibao vilivyotawanyika huku na kule, piga hesabu mwenyewe. SSD haina kinachozunguka. Data ni chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye seli yenye kihami (kitu kisichopitisha umeme) pande zote, ukizima mashine chaji inabaki. Hii ni flashi ya aina ya NAND, ya Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba, waliitangaza 1987. Kwenye 870 EVO kila seli inabeba biti 3, yaani lazima itofautishe viwango 8 vya chaji kwenye kitu kidogo namna ile, na kila ukifuta na kuandika upya kihami kinachoka kidogo. Ndio maana SSD zina kikomo cha kuandikwa. Hii ya GB 500 wameipa TB 300 za kuandika au warranty ya miaka 5, kinachotangulia, maana yake uandike GB 160 na ushee kila siku kwa miaka yote 5 ndio uzimalize. Mtu wa Excel na muvi utaanza kuuza laptopu wewe kabla haijafika huko.

Kilichonifanya niichague hii ni kwamba ina DRAM (kumbukumbu ya kasi, aina ileile ya RAM) yake humo ndani, MB 512, inayotunza ramani ya data ipo seli gani. SSD nyingi za bei poa hazina, zikianza kujaa halafu ukazipa kazi nyingi kwa mpigo zinapwaya. Bei yake iko juu kidogo, hilo nakubali. Na spidi ya MB 560 kwa sekunde ndio mwisho wa SATA, njia inayounganisha diski hii na mashine, anayetaka zaidi atafute SSD za NVMe zinazopita njia ya kasi zaidi, ila kwa kazi za kawaida sidhani kama utaona tofauti.

Sasa RAM. Kuna watu wananunua diski kubwa wakitegemea watafungua tabu nyingi za Chrome, haiendi hivyo, tabu zilizofunguliwa zinakaa kwenye RAM. RAM kila biti ni kapasita kadogo kanakoshika chaji na transista yake ya kuwasha na kuzima, na kapasita hako kanavuja kama ndoo iliyotoboka, lazima kajazwe upya ndani ya kila milisekunde 64 la sivyo data imekwenda, na umeme ukikata ndio basi. Uzuri wake ni kasi, SSD haigusi hapo. GB 4 zikijaa Windows inahamishia mzigo kwenye SSD, mashine inakuwa nzito na SSD nayo inaliwa bure. Kwa hiyo niliongeza kijiti cha GB 8, G3 ina nafasi mbili za DDR4, usiuziwe DDR3 haiingii.

Angalizo moja zito: ukifuta faili kwenye SSD, kuna amri ya TRIM inayoiambia SSD kwamba data ile haitakiwi tena, SSD inazisafisha zile seli, fundi wa kurudisha data anakuta patupu. Kwa hiyo hadidiski yangu ya zamani sikuitupa, nimeiwekea kava la USB nafanyia bekapu.

Na dukani usiondoke hivihivi. Ichomeke, fungua programu ya Samsung Magician muuzaji akiwa anaona, itakuonyesha kama ni orijino na jumla ya data iliyokwisha andikwa. Mpya inasoma karibu na sifuri, ukiona TB kadhaa hapo mrudishie palepale.