Uzoefu wangu: kadi ya grafiki ya GTX 1650 ndani ya kompyuta ya OptiPlex 9020, na pawasaplai iliyobaki kabatini

Harusi za Lamu, upande wa wanawake hupigwa picha na wanawake, na mimi ni mmoja wao. Baada ya Idi ndoa hufuatana, na kila mama wa bibi harusi anataka video yake kabla fungate haijaisha. Kwa hiyo nikisema kompyuta ilinichosha, simaanishi michezo ya vijana. Namaanisha mkate wangu.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 9020, ule mnara, si ile nyembamba ya kulala mezani. Ilitumika ofisini Uingereza kabla ya kunifikia. Prosesa ni i5-4590, RAM gigabaiti 16, na SSD, diski ya kasi, niliiongeza mwenyewe. Kwa barua na hesabu haina kasoro. Kadi ya grafiki ndiyo haikuwa nayo. Picha zote zilipita kwenye grafiki iliyomo ndani ya prosesa, Intel HD 4600, ya kizazi cha mwaka 2013, na hiyo haina kifaa cha kuifungua video iliyobanwa kwa mtindo wa H.265. Simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa H.265. Basi mzigo wote unaangukia prosesa, na kipande cha bibi harusi akipanda jukwaani kinakwenda kama punda aliyegoma mbele ya ngome: hatua moja, kinasimama, hatua nyingine.

Nikaamua kununua kadi. Nikapata duka Nairobi kwa simu. Muuzaji akaniuliza, "Kompyuta yako ni gani, dada?" Nikamjibu ni i5. Akasema, "Basi itaenda." Hapo ndipo ukaguzi wetu wote wa ulinganifu ulipoanzia na kuishia. Akanipangia kadi ya RTX 3060 iliyotumika kwa shilingi 30,000, na pawasaplai mpya, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, ya wati 550 kwa 7,500. Kusema haki, ile 550 hakuibuni, maana ndiyo Nvidia, wenye chipu ya kadi hiyo, wanayoipendekeza kwa 3060. Nikatuma pesa.

Mzigo ukashuka na basi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, ukapanda boti, ukaletwa mlangoni na kijana wa mkokoteni. Wa Nairobi akikosea kifaa anarudi dukani kwa miguu. Huku kosa moja ni boti, basi na siku tatu, kisha boti tena kurudi.

Usiku ule nikaifungua kompyuta. Mnara huu hautaki bisibisi, unavuta kitasa tu na ubavu unatoka. Nikaitoa pawasaplai ya zamani, nikaiweka mpya mahali pake, ikakaa vizuri na matundu ya skrubu yakaonana. Nikafurahi. Kisha nikaushika ule mkia mnene wa nyaya unaokwenda kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Plagi yake ina pini 24, mistari miwili ya kumi na mbili. Nikatafuta tundu lake, sikuliona. Pale ilipokuwa imechomekwa ya zamani pana tundu dogo la pini nane. Nilizihesabu kwa ncha ya sindano, nikidhani macho yamechoka. Nane.

Na hapa nataka msomaji anisikilize vizuri. Pawasaplai mpya nayo ina plagi nyingine ya pini nane, ile ya prosesa. Mkono wangu ulikwisha kuinyanyua. Nane kwa nane, nini tena? Kilichonizuia ni kwamba pembe za baadhi ya vitundu ni za mviringo na nyingine ni za mraba, na hazikulingana. Nikaacha. Baadaye nikaelezwa kwamba nyaya za plagi ile hazipangwi sawa na za tundu lile, na kwamba anayelazimisha huchoma mazabodi. OptiPlex za kizazi hiki hazifuati plagi ya pini 24 ya ATX, mtindo wa kawaida wa kompyuta nyingi. Zina mpangilio wao wenyewe, na jambo hilo limejulikana miaka mingi. Asiyejua nilikuwa mimi.

Nikasema basi, walau niijaribishe kadi ikae kwenye sloti, tundu lake refu la mazabodi, nione. Ilikuwa ya feni tatu, ndefu kama sentimita 28. Ikafika kwenye sanduku la diski na kugota. Kadi ikabaki imeinama, nusu ndani, nusu nje.

Asubuhi nikaichukua kompyuta kwa fundi wa mtaa wa Langoni. Ila kabla ya kutoka nilichomoa SSD nikaifungia ndani. Video za wanawake wasiojifunika haziendi dukani kwa mtu, hata awe mwaminifu namna gani. Dada zangu wa kazi hii wanajua.

Fundi ni mzee, mimi humwita ami. Hakuuliza i ngapi. Aliinama na tochi, akasoma stika ya pawasaplai ya zamani, akanisogezea nami nisome. "Tezama tini hapo, mwanangu. Wati 290." Kisha akachukua kalamu akaandika nyuma ya risiti: prosesa 84, kadi ya 3060 wati 170. "Hapo ni 254, na bado hujalisha diski, RAM wala feni." Kwa kadi ile pawasaplai ya zamani haikufaa, na ile mpya haikuwa na pa kuchomeka.

Nikampigia muuzaji. Akaniambia nisihangaike, niirudishe pawasaplai ya zamani, yeye ataniletea kebo inayochukua umeme kwenye plagi ya diski na kuupeleka kwenye kadi. Ami alikuwa akisikiliza. Akatikisa kichwa kabla sijakata simu. Plagi ya SATA, akasema, ina pini tatu za volti 12, na kila pini imepimiwa ampea moja na nusu. Piga hesabu: ni wati 54. Tundu la pini nane la kadi limepimiwa wati 150. Unataka kupitisha kiboko kwenye mlango wa paka. Akanionyesha plagi moja aliyokuwa nayo kwenye kopo, plastiki yake imeyeyuka ikawa kama ubani uliochomwa. Sikuuliza ilitoka kwenye kompyuta ya nani.

Adapta ya kugeuza pini 24 kuwa nane ipo, na si ghali. Watu wengi wa OptiPlex wanaitumia, na ami alikuwa tayari kuniagizia. Lakini urefu wa kadi ungebaki pale pale. Ndipo akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilipaswa kujiuliza kabla ya kutuma shilingi moja: "Kwani wewe kazi yako ni nini?" Video. "Hufanyi michezo?" Sifanyi. "Basi mnofu wote huu wa nini?"

Akanieleza kwamba sloti ya kadi peke yake inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, bila kebo nyingine yoyote. Ukipata kadi isiyovuka hapo, pawasaplai ya zamani inabaki mahali pake. Nikapiga hesabu mwenyewe safari hii: 84 na 75 ni 159, ongeza hamsini za vitu vingine, tuko kwenye 210 hivi. Kwa pawasaplai ya 290 kuna nafasi ya kupumua.

Nilikaa siku mbili nikisoma kuhusu kadi za aina hiyo, na hili ndilo nililolipata. GTX 1050 Ti ndiyo rahisi kuliko zote, lakini ni ya mwaka 2016, na Nvidia wamefunga draiva zake za kawaida, programu za kuiendesha kadi, Oktoba 2025, zikabaki za usalama tu. RX 6400 inakula wati 53 tu, na bei yake ilinivutia, lakini haina kifaa cha kusimba video kabisa, yaani cha kuibana iwe faili la kutoa. Kwa mchezaji si neno. Kwangu mimi ni kununua jiko lisilo na moto. Tena ina njia nne tu za PCIe, zile za kupitishia data kati ya kadi na mazabodi, na kwenye mazabodi ya zamani kama yangu hilo linauma zaidi. RTX 3050 ile ya gigabaiti 6 ni wati 70 na ni bora kuliko hizi zote, ila bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya kile kilichobaki mfukoni. Nikabaki na GTX 1650 ya gigabaiti 4, ya mwaka 2019, wati 75.

Lakini hata hapo jina halitoshi. Kuna 1650 zilizotengenezwa na tundu la pini sita juu yake, na hizo zinataka kebo ambayo pawasaplai yangu haina. Safari hii sikuuliza "itaenda?" Nilimwambia muuzaji, yule yule, anipigie picha tatu: mgongo wa juu wa kadi nione kama una tundu, kadi imelala kando ya rula, na upande wa matundu ya monita. Alinuna, lakini akapiga. Ilikuwa ya feni moja, sentimita 17, mgongo mtupu. Kadi ya kwanza aliipokea akakata 3,000. Pawasaplai akaikataa kwa sababu nimekwisha fungua boksi. Kelele zangu hazikusaidia.

1650 ilinigharimu 14,000. Ilifika, nikaichomeka mwenyewe, dakika tano. Kompyuta ikawaka, feni ikazunguka, skrini giza.

Kadi haikuwa na tatizo. Picha ya matundu niliiomba, nikaipokea, kisha sikuitazama kwa makini. Monita yangu ni ya zamani, ya VGA, ile plagi ya buluu yenye skrubu mbili. OptiPlex ina tundu la VGA nyuma, na ndilo nililoliacha limechomekwa, wakati picha sasa inatokea kwenye kadi. Kadi ina DVI, HDMI na DisplayPort, VGA haina. Nilikuwa na kile kiadapta kidogo cheupe cha DVI kwenda VGA, nikakijaribu, hakikuingia. Ukitazama tundu la DVI la kadi hizi utaona pale kwenye ule ufa mrefu hamna vitundu vinne vya kuuzunguka. Vinne hivyo ndivyo vinavyobeba picha ya VGA, na kadi mpya hazinavyo. Dawa ni adapta ya HDMI kwenda VGA yenye saketi ndani yake, si ya waya mtupu. Niliipata hapa hapa Lamu kwa 900, kwenye duka linalouza pia sufuria.

Baada ya hapo sina la kulalamika. Draiva iliingia bila ubishi. Nikafungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kuhakikisha mambo mawili: kwamba kadi si ya kughushi, maana kuna zinazobadilishwa jina, na programu hiyo huzitambua nyingi, na kwamba inatumia njia zote 16 za PCIe 3.0. Yote sawa. Video ya dakika ishirini iliyokuwa ikichukua saa nzima na ushei kutoka, sasa inatoka kwa dakika kumi na tano hivi. Video za simu zinacheza bila kukwama hata nikiweka rangi na maandishi. Nikipandisha picha za 4K na madoido matatu manne juu yake, gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kadi zinajaa na programu ya kuhariri inaanza kulalama, basi nahariri kwa nakala ndogo kisha natoa kubwa mwishoni. Prosesa nayo imezeeka, sidhani 3060 ingepata kazi ya kutosha mbele yake.

Feni moja ina kelele kidogo adhuhuri, wakati upepo umelala. Huwa naifungua kompyuta kila mwezi kuipangusa, kwa sababu vumbi la chokaa la nyumba hizi likichanganyika na hewa ya chumvi hushika kama gundi, na skrubu za nyuma tayari zina kutu.

Kadi naipa nyota nne. Hesabu ya ami nyuma ya risiti naipa tano, bado nimeibandika ukutani. Mwenyewe najipa mbili, moja ya kuchomoa SSD na nyingine ya kutolazimisha ile plagi.

Pawasaplai ya wati 550 bado iko kabatini, ndani ya boksi lake, nimeitilia vijifuko vya kunyonya unyevu. Haijawahi kuwashwa. Anayeitaka nampa kwa 6,000, lakini kwanza anionyeshe picha ya mazabodi yake.