Tela la Kambi kwa Gibb River Road: Anza Kulikagua Uvunguni

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua tela la kambi, lile unalovuta na gari na kulala ndani yake, kwa safari ya Gibb River Road huko Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia. Ni kilomita kama 660 kutoka upande wa Derby hadi karibu na Kununurra. Ilichongwa miaka ya 1960 kusafirishia ng'ombe, na sehemu kubwa bado ni changarawe yenye makunyanzi, yaani vijituta vinavyofuatana kama bati. Makunyanzi hayo ndiyo yanayoamua ununue tela gani. Muuzaji atataka kukuonyesha jiko kwanza. Mwambie asubiri, ingia uvunguni.

Tafuta magurudumu yanayojitegemea, kila moja na mkono wake, springi yake na shokapu mbili. Mbili kwa sababu makunyanzi huzitikisa bila kupumzika: mafuta ya ndani yanapata moto, shokapu inashindwa kuizuia springi, mwisho sili inaachia na mafuta yanavuja. Hapo tela linaanza kudunda, na fremu inapasuka palipochomelewa, hasa mkono wa kuvutia unapokutana na chasi. Pitisha kidole hapo, utafute nyufa kwenye rangi.

Kiungo cha kuvutia kisiwe tufe la kawaida la milimita 50, maana gari na tela vikipindana kwenye korongo, tufe linafika mwisho wa mzunguko wake. Kiungo cha DO35 cha kampuni ya Cruisemaster kinazunguka nyuzi 360 na kinabeba tani 3.5. Hiyo ni pesa iliyotumika vizuri.

Rimu ziwe na idadi ya stadi (bolti za gurudumu) sawa na gari lako, tano kwa Land Cruiser 70, sita kwa Hilux, na tairi za saizi moja, ili spea zitumike pande zote. Beba beringi za ndani na za nje, sili na grisi. Kila ukisimama, sogeza mkono karibu na habu. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, ifungue hapohapo.

Sasa uzito, na hapa wengi wanadanganyika. Tela lenye kilo 1,600 likiwa tupu na kikomo cha 2,200 linakuachia kilo 600 tu. Maji lita 150 ni kilo 150. Ongeza gesi, betri, chakula, zana, hema la pembeni, uone kinachobaki. Uzito wa pua, yaani ule tela linaoegemeza kwenye kiungo cha gari, uwe karibu asilimia 10 ya tela lililopakiwa. Uliza tanki la maji liko wapi: likiwa mbele ya ekseli, pua inazidi kuwa nyepesi kadiri mnavyokunywa, na tela linaweza kuanza kuyumba.

Vumbi? Dai tundu la hewa la juu linalotazama mbele, lisukume hewa ndani mkiwa mwendoni ili vumbi lisiingie. Matundu ya chini yafungwe.

Lakini hata tela bora halikuokoi kama tairi zimejaa upepo wa lami. Kwenye makunyanzi shusha hadi psi 26 au 28, mwendo kilomita 60 hadi 70 kwa saa. Upepo ukipanda zaidi ya psi 6 baada ya tairi kupata moto, ulishusha mno kwa mzigo huo, au unakimbia.

Nendeni kati ya Mei na Oktoba. Msimu wa mvua wa huko hufunga njia. Mto Pentecost una mamba wa maji chumvi, kwa hiyo msishuke kupima kina kwa miguu. Tazameni gari lililotangulia.

Mafuta ya gari yapo kituo cha Mount Barnett, karibu kilomita 300 kutoka Derby, na mpaka Kununurra zinabaki kama 400. Ukivuta tela, kadiria lita 20 kwa kilomita 100, yaani lita 80 kabla ya kuchepuka popote. Na ukichepuka kwenda maporomoko ya Mitchell Falls, liache tela kwenye shamba la ng'ombe la Drysdale River Station. Kipande cha mwisho ni zaidi ya kilomita 80 za kutikisika, na huko unahitaji hema dogo tu.