Shokapu za Carina kwenye Premio ya zamani: uzoefu wangu hapa Pemba

Naanza na jibu, maana wengi wanaoniuliza wanalitaka kwanza. Ndiyo, shokapu za mbele za Carina zinaingia kwenye Corona Premio ya zamani. Zinaingia bila kukata wala kuchomea, na gari inakaa vizuri. Lakini si Carina yoyote, wala si Premio yoyote, na si kila kipande kinachokuja na shokapu ya mtumba kinafaa kurudi barabarani.

Gari yangu ni Corona Premio ya injini ya 7A, ile ya lita 1.8. Niko nayo Wete. Kazi zake ni za nyumbani: watoto skuli, sokoni, safari za Chake, na msimu wa karafuu ukifika inaingia mashamba na magunia nyuma. Shokapu za mbele zilikuwa za asili. Ya kulia ilianza kuvuja mafuta. Ya kushoto ilikuwa nzima, ila springi yake ilikatika mkia wa chini, pale inapokalia sahani. Ajali hii kwetu visiwani ni ya kawaida sana. Tope na maji ya mvua hutuama kwenye ile sahani, hewa ya bahari huongeza chumvi, na rangi ya springi ikishababuka kutu hula chuma mpaka siku unapita shimo ukasikia mlio mmoja mkavu. Tulipoipandisha jeki fundi akakitoa kile kipande kwa vidole viwili.

Kilichonipeleka kwenye mtumba ni springi kuliko shokapu. Shokapu mpya zinapatikana, hata Chake zipo, ingawa nyingi ni za majina nisiyoyaamini na ukitaka KYB, zile za Kijapani, unaagiza Unguja. Springi mpya ya gari ya miaka ile ndiyo shida. Kila duka nililouliza jibu lilikuwa moja: hiyo tafuta ya gari iliyokatwa Japani.

Sasa hili la udugu wa gari, kwa sababu ndilo linalookoa pesa. Corona Premio na Carina za 1996 hadi 2001 ni gari moja yenye sura mbili. Toyota ilikuwa na mitandao tofauti ya maduka kule Japani: Corona iliuzwa na Toyopet, Carina ikauzwa na Toyota Store, kwa hiyo kila upande ukapewa gari yenye taa zake, bampa yake na jina lake. Chini ni ukoo mmoja, Toyota wanauita T210. Caldina iliyotoka 1997 nayo ni ya ukoo huohuo, ila ni stesheni wagoni. Kwa upande wa pili, Premio iliyotoka mwisho wa 2001, ambayo pacha wake ni Allion, ni gari nyingine kabisa. Hiyo ni T240, na nyuma yake ina boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, wakati ya zamani kila gurudumu la nyuma lina shokapu na mikono yake. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ya Premio," muulize Premio ipi. Jina lililoandikwa kwenye buti halikusaidii kitu dukani.

Kinachosaidia ni bati. Fungua boneti, tafuta lile bati dogo la chuma lenye namba ya modeli na namba ya chasisi. Yangu inaanza na AT211. Herufi ya kwanza ni jamii ya injini, ya pili ni ukoo wa gari. AT ni injini za jamii ya A, kama 4A, 5A na 7A. ST ni injini za S, kama 3S ya 2.0. Kwa shokapu za mbele jambo hili lina uzito, kwa maana halisi ya neno: injini ya 3S ni nzito zaidi, na springi yake imetengenezwa kubeba uzito ule. Ukiivika kwenye gari ya 1.5 au 1.8, pua inapanda. Carina niliyoitafuta ilikuwa ya AT, na mimi sikujali kama ni ya 1.5 au 1.8, kwa kuwa injini hizo hazipishani uzito kiasi cha kuonekana. Gari za kuvuta magurudumu yote manne, kama Caldina ST215, niliziweka kando moja kwa moja.

Baada ya bati ni namba ya spea yenyewe, na hapa naomba mtu asinichoke. Shokapu ya asili ya Toyota ina namba ya tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine. Mbele kulia huanza na 48510, mbele kushoto 48520. Nyuma kulia ni 48530, nyuma kushoto 48540. Kundi la pili mara nyingi linakwambia gari: kwa Corona na Carina huanza na 20, Corolla 12, Mark II 22, Vitz 52. Imeandikwa kwenye mwili wa shokapu, pengine chini ya tope na rangi, lakini kwa brashi ya waya na taa ya simu inasomeka. Kulia na kushoto si sawa, usikubali kuuziwa mbili za upande mmoja. Kile kishikio cha mpira wa breki kimechomewa upande maalumu, na gari zenye ABS zina kishikio kingine cha waya.

Duka la kwanza la mjini Unguja nililopiga simu lilinitumia picha za shokapu safi, zimepakwa rangi nyeusi zinang'aa. Nikaomba namba.

"Ami, zote sawa tu, Toyota ni Toyota."

Nikaomba tena. Ilipokuja, kundi la pili lilianza na 12. Hizo ni za Corolla. Huenda naye aliambiwa hivyohivyo na aliyemuuzia, sitaki kumdhania vibaya, lakini pesa yangu ingekwisha kwenda, mzigo ungetoka bandari ya Malindi kule Unguja ukafika Mkoani, na kuurudisha ni nauli nyingine na ugomvi mwingine. Sisi wa Pemba hatuwezi kusimama dukani tukashika kitu, kwa hiyo picha ya namba ndiyo macho yetu.

Wa pili alikuwa kijana, na nampa sifa yake. "Shikamoo ami. Nimezilaza chini ya taa, soma mwenyewe." Picha sita: namba za kulia na kushoto, fimbo zote mbili zimevutwa nje, sahani za chini, na mkia wa springi. Zimetoka kwenye Carina AT212. Jozi nzima na springi zake na maunti zake, vile vishikio vya juu vyenye mpira, ikaja kwa chini ya nusu ya kile ambacho ningetoa kwa KYB mpya bila springi. Zilisafiri kwa meli zimefungwa kwenye maboksi na kanga za plastiki, hazikupata hata mkwaruzo.

Zilipofika hatukuzifunga kama zilivyo. Huu ndio ushauri ninaoushikilia kuliko yote: shokapu ya mtumba ifunguliwe kwanza. Na kuifungua kuna namna yake. Nati ya katikati kule juu inazuia springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, ukiilegeza bila kuibana springi kwa klampu zake mbili, ile sahani ya juu inaruka na inaweza kumvunja mtu uso. Nimewahi kuona watu wakitumia waya wa kufungia nondo. Sikubali, na fundi wangu hakubali. Zile nati tatu ndogo za kwenye bodi unaweza kuzifungua bila hofu, hiyo ya katikati hapana.

Springi ilipotoka, fundi akaisimamisha shokapu wima na kuisukuma fimbo chini kwa kiganja na uzito wa mwili. Ilishuka taratibu, kwa ukinzani uleule kuanzia juu mpaka mwisho. Akaachia. Fimbo ikapanda yenyewe polepole, bila kusita njiani. Hiyo ni gesi, bado ipo. Akarudia mara kadhaa akisikiliza kama kuna mahali inapoteleza ghafla, dalili kwamba mafuta yamepungua au vali imechoka. Kisha akapitisha kitambaa cheupe kwenye fimbo na kuzunguka sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke. Ya kushoto kitambaa kilitoka kikavu. Ya kulia kilitoka na unyevu mwembamba wa mafuta yaliyochanganyika na vumbi, akaifuta, akaisukuma tena mara nyingi, akapitisha kitambaa kingine, kikavu. Fimbo zenyewe zilikuwa laini, hazina vitundu vya kutu. Kitundu kimoja tu kinatosha kuichana sili mpya, achilia mbali iliyokwisha kutumika.

Chuma kwa hiyo kilikuwa kizuri. Mipira haikuwa. Maunti za juu zilikuwa zimepasuka na beringi yake inakwaruza ukiizungusha. Ile sponji inayozuia shokapu kugonga mwisho ilimeng'enyeka mkononi kama mkate mkavu. Nilinunua mpya zote: maunti, sponji, na kava za vumbi. Hazikuwa ghali, na bila kava fimbo inakula mchanga. Anayekuuzia jozi kamili atakwambia kila kitu kiko sawa, kwa sababu kwake ni kitu kimoja. Kwako ni vitu viwili: chuma kilichotunzwa vizuri hudumu, lakini mpira huzeeka hata ukikaa ndani ya boksi.

Kwa sababu hiyohiyo nilikataa yule kijana aliponiambia anayo na mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshika gurudumu kwa chini, na boljointi zake, yale maungio ya mpira wa chuma mwishoni mwa mkono, kwa bei ndogo. Mikono yangu haikupinda. Nilibaki nayo, fundi akaishindilia bushi mpya, ile mipira ya kwenye maungio, na boljointi nikanunua mpya. Boljointi ya mtumba sitaiweka kwenye gari ninayopakia watoto. Inapochomoka gurudumu linalala, na haichagui mahali.

Wakati wa kufunga bushi kuna jambo mafundi wengi wanalipita. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa chini, imesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ikiwa juu ya jeki, mkono unaning'inia, mpira unashikwa katika hali ile, na gari ikishuka unabaki umesokoteka muda wote. Bushi ya kukaa miaka inachanika mapema, kisha lawama zinakwenda kwa muuza spea. Fundi wangu aliingia uvunguni gari ikiwa juu ya mbao nne na kumaliza kukaza hapo.

Zile bolti mbili zinazoshika shokapu kwenye habu nazo zina nafasi kidogo ya kucheza, na hiyo inatosha kulilaza gurudumu. Tulivuta pande zote mbili kwa usawa tulipokuwa tunakaza, halafu fundi akapima alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, kwa uzi. Usukani umekaa katikati.

Namna inavyokwenda: mbele imenyanyuka kidogo kurudi kwenye kimo chake, haigongi, na ukishika breki pua haizami. Kwenye mashimo si laini kama shokapu mpya nzuri, hilo niseme wazi. Lakini ni bora mbali kuliko zile mpya za bei rahisi alizofunga jirani yangu, ambazo zilikuwa ngumu siku ya kwanza na zikaanza kuvuja kabla msimu haujaisha. Zangu zimepita msimu mzima wa karafuu, njia za shamba na magunia, na fimbo bado kavu. Nazipa nyota nne kati ya tano. Ile moja naizuia kwa sababu ya ule unyevu wa kulia, ninaoendelea kuuangalia.

Kuna aliyetaka kujua kuhusu kuchukua springi za nyuma za Caldina ili gari ibebe zaidi. Yupo mtu hapa Wete amefanya. Zinaingia, na akipakia gari inakaa sawa. Ikiwa tupu nyuma inasimama juu, inadunda, na taa zinamulika karibu mno na bampa. Kwa anayepakia kila siku inaweza kumfaa, mimi nikiwa na watoto nyuma sioni sababu.

Za nyuma kwangu springi ni nzima, rangi bado ipo. Nitaagiza shokapu mpya mbili na kutumia springi zangu zilezile, na namba nitakazomtajia muuzaji ni 48530 na 48540, zote mbili kwa picha kabla sijatuma pesa.