Fundi ametengeneza kaseti yangu ya gemu ya Zelda ya dhahabu, na ndiye huyohuyo aliyeiharibu

Nilidhani hasira hii itapoa. Wiki zimepita, kila nikifungua kabati nikaiona ile kaseti, inapanda upya. Wacha niandike.

Nina kaseti za gemu za zamani thelathini na kitu. Siongelei zile za njano za gemu milioni kwenye kaseti moja, ambazo watoto tuliokulia Mbeya tulizipuliza mpaka kizunguzungu. Hizo ninazo na nazipenda, ila ni kopi. Naongelea za kampuni ya Nintendo yenyewe, za kijivu, na moja ya rangi ya dhahabu: The Legend of Zelda, ya mwaka 1987. Marehemu mjomba alikuwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ndiye aliyeshuka nayo hapa stesheni akitokea Kapiri Mposhi, Zambia, ameiviringisha ndani ya sweta. Miaka yote hiyo imekaa bila mkwaruzo, lebo yake ile yenye ngao inang'aa kama imetoka dukani.

Shida ilikuwa betri. Zelda ni miongoni mwa kaseti za kwanza kuwekewa betri ndani, ya mviringo kama sarafu, ili gemu ikumbuke ulipofikia. Unaandika jina lako, unacheza, na kabla ya kuzima unashikilia kitufe cha riseti. Betri ikifa, kesho yake jina halipo, unaanza upya kama mgeni. Binti yangu ndiye aliyegundua. Aliwasha TV ya chogo, akaniita: "Baba, mbona siko?"

Nikaambiwa kuna fundi huko Mwanjelwa, hapahapa Mbeya, ana mkono mzuri wa kuchomea risasi. Jina simtaji, kibanda sielekezi.

Nianze na haki yake, maana anayo. Skrubu za kaseti hizi si za kawaida. Kichwa chake kimezama ndani ya tundu, na bisibisi ya nyota haifiki wala haishiki. Nimeshaona mafundi wawili wakitaka kupasua kasha. Huyu hakubabaika. Alichukua kalamu ya wino, akatoa mrija, akalipasha bomba kwenye moto wa kiberiti mpaka likalegea, akalikandamiza juu ya skrubu, akasubiri lipoe. Plastiki ikashika umbo la kile kichwa. Akazungusha. Skrubu zote tatu zikatoka hivyo, na ile kalamu akanipa: "Chukua braza, hii ni bisibisi yako sasa." Nilifurahi kama mtoto. Betri kuukuu akaitoa, mpya ya CR2032 hakuichomea moja kwa moja. Aliweka kitako chake kabisa, ili siku nyingine nibadilishe mwenyewe kama betri ya saa. Kazi safi. Akaniambia nimwachie aijaribu kwanza, nirudi jioni.

Nimerudi jioni. Kaseti iko mezani, imefungwa vizuri, na juu ya lebo, katikati ya ngao, kwa maka peni nyeusi, kwa herufi kubwa: BETRI. 25,000. Na tarakimu nne za mwisho za namba yangu ya simu.

Nilishindwa hata kusema. Nilinyoosha kidole tu.

Akacheka. "Si nisisahau ya nani? Hapa vitu viko vingi." Nikamwambia kwa utaratibu kabisa kwamba hii si redio, haiandikwi. Akasema, "Braza, si inawaka? Haka kakaseti ka watoto, unataka kukavalisha suti?" Halafu, kabla sijamzuia, kachovya tambara kwenye petroli, kasugua. Maka peni ikafifia kidogo. Lebo ikafuata. Nilitazama tambara likigeuka kutoka jeusi kwenda rangi ya dhahabu, na pale ngao ilipokuwa pakabaki ukungu wenye BETRI kwa mbali.

Mama anayeuza ndizi kibanda cha jirani alisimama kabisa. "We mwanangu, kitu cha mtu unakiandika bila kumuuliza? Mwombe msamaha." Fundi akamjibu, "Mama, hiyo ni plastiki." Msamaha sikuupata. Nikalipa elfu 25, nikapanda bajaji ya kurudi Uyole, kaseti nimeishika mkononi, sikutaka hata kuiweka mfukoni.

Sasa, watu wawili watatu niliowaeleza wameniuliza, kwani ilikuwa na thamani gani? Nijibu vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wanaojua zile bei za minada.

Ni kweli Julai 2021 Zelda moja iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 870,000, na mwezi huohuo Super Mario 64 ikafika dola milioni 1.56. Lakini hizo zilikuwa hazijafunguliwa tangu kiwandani, na ile Zelda ilikuwa ya mojawapo ya matoleo ya mwanzo. Yangu haikuwa hivyo. Zelda iliuzwa zaidi ya nakala milioni 6 duniani, kaseti tupu bila boksi si adimu hata kidogo. Sijawahi kuiwazia utajiri.

Adimu ni kitu kingine. Mwaka 1990 Nintendo walifanya mashindano Marekani, wakatoa kaseti maalum: za kijivu 90 kwa waliofika fainali, za dhahabu 26 kama zawadi za jarida lao. Basi, 116 tu. Kuna moja ya kijivu ambayo lebo yake imechanika na mtu kaiandika kwa kalamu neno "Mario". Imeandikwa, jamani, kama yangu! Na mwaka 2014 mnada wake wa mtandaoni ulipanda hadi dola 99,902.

Niliwahi kujifariji kwa hiyo. Usiku mmoja nikasema, tazama, kumbe kuandikwa si mwisho wa dunia, labda nimemwonea kijana wa watu. Nikakaribia kumpigia simu. Halafu nikafikiri vizuri, hasira ikarudi mara mbili. Ile inavumilia kuandikwa kwa sababu ziko 90. Ukiitaka utaichukua hata ikiwa imetafunwa na panya. Yangu ni moja kati ya mamilioni, na kitu kilichoitenga na zile mamilioni ni usafi wake: kwamba imepita miaka yote hiyo, safari ya treni, nyumba mbili na watoto watano, na hakuna aliyeigusa uso. Huo ndio uadimu pekee iliokuwa nao. Umeondoka kwa maka peni na tambara la petroli, kwa dakika isiyofika.

Na yeye aliona ni kakaseti.

Kwa hiyo nampa nini? Kwa kazi ya ndani sijaona fundi wa kumfikia hapa Mbeya, na nimezunguka kuanzia Mafiati hadi Soko Matola. Jina la binti yangu lipo, nimeangalia asubuhi hii, lipo na mioyo yake saba ya uhai kwenye gemu. Kwa hilo namshukuru kwa dhati. Kwa kazi ya nje na kwa ule mdomo, asipewe hata sufuria ya kuziba.

Nina kaseti nyingine tatu zenye betri zilizokufa. Nimezipanga mezani nikizitazama. Mke wangu anasema nizipeleke Dar kwa mtu mwingine, mimi basi la usiku siliamini na mzigo kama huo. Jana nimechukua ile kalamu aliyoniyeyushia, nikajaribu kwenye ya kwanza. Skrubu zikazunguka bila shida. Nikatoa bodi ya ndani, kasha na lebo yake nikavirudisha kabatini.

Nitampelekea bodi tupu. Na nitakaa palepale kwenye benchi mpaka amalize.