Ndege ya asubuhi Mwanza–Dar: mlango wa marubani nimeuangalia vizuri

Ndege hii naipanda kwa ajili ya kliniki ya macho Dar. Iliondoka kwa wakati, magoti yana nafasi, kitafunwa ni korosho na juisi. Boksi la sato nililompelekea binti yangu lilifika barafu haijayeyuka. Kwa hayo sina neno.

Nilikaa mstari wa pili, mbele kabisa, na kilichonifurahisha nilikiona huko. Tulipokwisha kuliacha ziwa, rubani mmoja alitaka kutoka kwenda chooni. Mhudumu alilisukuma toroli la vinywaji likaziba njia yote, akafunga breki zake, akasimama nyuma yake akitutazama abiria. Mwenzake alizungumza kwa simu ya ndani, mlango ukafunguliwa, rubani akatoka, yeye akaingia kukaa na aliyebaki. Mlango ukafungwa. Hakuna aliyecheka wala kupiga soga.

Kijana niliyekaa naye akaniuliza, "Mzee, si wangewapa tu bastola kama marubani wa Marekani?"

Nimestaafu Jeshi la Magereza, miaka ya mwisho nikiwa Butimba, kwa hiyo nilimjibu kwa ninachokijua. Askari anayezunguka katikati ya wafungwa habebi bunduki. Bunduki ziko getini na kwenye mnara, kwa sababu silaha iliyo karibu na mikono mingi inaweza kunyang'anywa. Chumba cha marubani ni kidogo kuliko selo. Mkivutana humo, risasi itampata nani? Mwenzako, au vyombo vya kuongozea ndege.

Wamarekani walipitisha sheria ya kuwaruhusu marubani kubeba bastola 2002, baada ya Septemba 11, na mwaka uliofuata marubani wa kwanza wakahitimu mafunzo. Wanajitolea, hawalazimishwi. Machi 2008, ndege ya abiria ikikaribia kutua Charlotte, bastola ya rubani ilifyatuka ndani ya chumba chao na risasi ikatoboa ubavu wa ndege. Walitua salama, namshukuru Mungu. Lakini hapakuwa na mtekaji yeyote.

Sisi wa Mwanza tusijifanye mambo haya ni ya mbali. Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyokuwa ikitoka hapa kwenda Dar ilitekwa na vijana waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Stansted, Uingereza, na huko wakajisalimisha. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi. Silaha zilipita chini, kabla ndege haijaruka, na hapo ndipo pa kuweka nguvu: getini, kwenye ukaguzi. Pale uwanjani kwetu safari hii mkanda na viatu nilivivua, na begi langu likafunguliwa likapekuliwa hadi chini. Sikuudhika hata kidogo.

Tena kuna hatari ambayo bastola ingeizidisha. Novemba 2013, ndege ya Msumbiji iliyokuwa ikienda Luanda ilianguka Namibia, watu 33 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kapteni alibaki peke yake akaiangusha kwa makusudi, msaidizi wake akiwa nje anagonga mlango. Ndiyo maana nilimfurahia sana yule mhudumu aliyeingia kukaa na rubani. Mtu wa pili mle ndani, asiye na silaha, kwangu anazidi bastola mbili.

Sasa lawama. Safari ya kurudi, shirika lile lile, mlango ulifunguliwa njia ikiwa wazi. Toroli lilikuwa nyuma, mhudumu mmoja anagawa korosho, mwingine ameegemea ukuta anaongea na abiria, na hakuna aliyeingia kukaa na rubani aliyebaki. Mlango ulikaa wazi muda wa mtu kuvuta hatua tatu na kufika ndani. Nilimwita yule binti, nikamwambia taratibu, "Mwanangu, njia hamjaiziba." Akanijibu, "Shikamoo baba, ndege haijajaa leo, usiwe na wasiwasi." Jibu hilo silikubali. Mlango ule umetengenezwa kuhimili risasi, lakini ukiwa wazi hauhimili kitu.

Kwenda nawapa nyota tano, kurudi mbili. Nimewaandikia tarehe ya safari na namba ya kiti changu, wafanyakazi wa zamu ile waitwe waoneshwe walichofanya wenzao wa asubuhi. Atakayepanda akae mbele, na asipoona toroli limeziba njia aseme papo hapo, hata ndege ikiwa na abiria kumi.